Kuku wa Kapteni, Samaki wa Msaidizi

Saa nane za usiku, Entebbe.
Jiko letu halina dirisha la kutazama ziwa.
Lina mlango wa baridi, mizani, na kipimajoto
ninachomdunga nacho kifuani kila kuku wa kumi
kama muuguzi asiye na pole.
Sabini na tano. Andika. Sahihi: Nabukeera.

Mimi ndiye niliyekupikia, wewe wa kiti cha kumi na saba,
uliyefunua ukasema, "Hii nayo ni nini?"
Ni matoke, bwana.
Yalimenywa jana, yakapikwa, yakapozwa dakika tisini,
yakafungwa karatasi ya bati badala ya jani la mgomba,
na jani ndilo lililokuwa nusu ya utamu wake.
Nilimwambia msimamizi. Tumuhairwe akacheka:
"Jani halina namba kwenye orodha."

Tena huko juu ulimi hufa ganzi.
Mngurumo hula chumvi, hewa kavu hula harufu.
Basi naziba masikio kwa pamba, naonja,
nakisia kinywa cha mtu aliye mawinguni,
mimi ambaye kimo changu kikubwa
ni ghorofa ya sita ya Mulago, nikimuuguza mama.
Asiyekuwepo na lake halipo, husema watu.
Mimi sipo huko, na langu lipo,
linapoa mbele ya mgeni anayetazama filamu.

Trei za marubani zina kibandiko chekundu.
Kapteni kuku, msaidizi samaki,
hawali chungu kimoja kamwe.
Kwetu Masaka, wasiokula chungu kimoja wamekosana.
Hapa ndio kupendana:
tumbo la mmoja likichafuka,
abaki mwingine mwenye mikono ya kuwashusha.

Usiku mmoja niliwawekea wote sato.
Nilikumbuka lori likiwa lango la pili.
Nikakimbia na buti za mpira, kuku mkononi,
askari akinipigia kelele,
kaloli wawili wakinipisha njia
kama wazee wa kanisa wenye madeni.
Nilifika. Nikabadilisha. Nikarudi na sato mmoja,
nikamla juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikitetemeka.
Chumvi ilizidi.
Kwa mtu wa ardhini, ilizidi sana.

Trei hurudi. Nazisoma kama barua.
Mkate umeumwa pembe moja.
Matoke hayakuguswa.
Siagi imeibwa; hiyo naihesabu kuwa sifa.
Kuna aliyekunja kitambaa juu ya mifupa, taratibu,
kama anayemfunika mtoto aliyelala.
Yote huchomwa, ndiyo sheria,
na kaloli ukutani wanangoja moshi
usiolika.

Alhamisi, siku yangu ya kupumzika,
hunigongea mlango Apiyo, jirani yangu wa Kitooro,
mhudumu wa ndege, rangi ya mdomo bado imenyooka,
viatu mkononi.
Amegawa milo mia moja arobaini na miwili
na tabasamu moja moja.
Wake aliula wima nyuma ya pazia:
vijiko vitatu, kengele ikalia,
wali ukageuka kokoto.
"Dada, una chochote?"

Nina katogo.
Matumbo ya ng'ombe, ndizi, nyanya zilizopasuka zenyewe,
sufuria moja, haina kibandiko.
Anakaa mkekani, miguu imevimba ameinyoosha,
anakula hata kijiko kinapiga bati.
"Chumvi imekaa," anasema.
Simwambii kwamba sikupima.

Ndege ya alfajiri inapita juu ya paa,
vikombe vinagongana kabatini.
Apiyo amesinzia, kijiko mkononi.
Nami, siku ya mapumziko, midomo inahesabu:
kuku, samaki.
Kuku.
Samaki.